"Kila Mtu na Maoni Yake": Kesi ya Filamu Moja ya Kifaransa Al Mansoura

Hakuna kauli inayosifiwa kwa ustaarabu wake katika mazungumzo ya Waswahili wa leo kama hii: kila mtu na maoni yake. Husemwa barazani, darasani, ndani ya daladala na kwenye makongamano ya fasihi. Huyasitisha mabishano kabla hayajageuka ugomvi, na kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa alama ya uungwana. Makala haya yanadai kinyume. Katika kuihakiki kazi ya sanaa, iwe riwaya, tamthilia au filamu, kauli hiyo ni ya uvivu, na aghalabu ni ya dharau. Humwondolea msemaji wajibu wa kuthibitisha alichokisema, kisha humnyima msikilizaji haki ya kujibu. Kesi itakayotumiwa kulitetea dai hili ni ndogo, nayo ilizuka mbali na kumbi za vyuo vikuu: ni mabishano juu ya filamu ya zamani ya Kifaransa katika mtaa wa Al Mansoura, Doha.

Al Mansoura ni mtaa wa mjini wenye majengo ya ghorofa chache yaliyobanana, maduka na mikahawa ya watu wa Asia ya Kusini na Ufilipino, na tangu Desemba 2019 una kituo chake cha treni ya chini ya ardhi, kwenye Njia ya Kijani. Waafrika Mashariki wanaopanga humo ni walinzi, madereva, wahudumu wa mikahawa, wasafishaji na wasusi. Siku yao ya kukutana ni Ijumaa. Ijumaa moja, katika sebule ya mume na mke waliotoka Tanga, watu sita walikaa mbele ya kompyuta ndogo kutazama Quai des Orfèvres, filamu ya mwaka 1947 iliyoongozwa na Henri-Georges Clouzot. Aliyeileta ni Mkongomani wa Bukavu, mwenye Kifaransa cha shule na Kiswahili cha nyumbani, na ndiye aliyeifasiri kwa sauti kadiri picha zilivyokwenda. Wengine watatu walikuwa mlinzi wa Kilifi, dereva wa teksi wa Nakuru, na mwanamke wa Jinja anayehudumu mkahawani.

Utaratibu huo si mgeni kwao. Tanzania ilikuwa na Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilizifasiri filamu za nje kwa watazamaji wa vibanda umiza na kwa wenye mikanda majumbani. Kenya ina DJ Afro. Uganda ina VJ Jingo na wenzake. Mafundi hawa hawaishii kwenye kufasiri. Hukejeli, huonya, huwabandika wahusika majina ya mtaani, na humtabiria jambazi mwisho wake. Hata kabla ya enzi ya video, kama alivyoonyesha mwanahistoria Laura Fair katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya sinema nchini Tanzania, filamu haikwisha taa zilipowashwa ukumbini. Iliendelea mitaani na majumbani, watu wakiwapima wahusika na kuyapima maisha yao wenyewe. Anayedhani kwamba mtazamaji wa Afrika Mashariki huijia filamu ya kigeni akiwa mtupu haijui historia hiyo. Huyu ni mtazamaji aliyezoea kubishana. La kujiuliza ni kwa nini siku hizi mabishano yake hukatwa mapema.

Kisa cha filamu yenyewe lazima kielezwe mpaka tamati, kwa sababu hoja haitasimama bila hiyo tamati. Jenny Lamour, anayeigizwa na Suzy Delair, ni mwimbaji wa kumbi za burudani mjini Paris na anatamani kuwa nyota wa filamu. Mumewe Maurice, yaani Bernard Blier, ni mpiga piano mwenye wivu wa kupindukia. Tajiri mzee aitwaye Brignon, mwenye sifa mbaya ya kuwafuata mabinti, anamwahidi Jenny kazi. Jenny anamwongopea mumewe kwamba anakwenda kumwona bibi yake, kumbe anakwenda kwa tajiri; mzee anapozidi kumsogelea, anampiga kwa chupa ya shampeni, kisha anakimbilia kwa rafiki yake Dora, mpiga picha, akiamini kwamba ameua. Dora, anayeigizwa na Simone Renant, anakwenda kwenye nyumba ya maiti kufuta alama za vidole. Usiku huohuo Maurice anajionyesha ukumbini ili apate mashahidi wa kusema hakutoka, anachomoka na bastola, anafika kwa Brignon na kumkuta amekwisha kufa. Anapotoka nje, gari lake linaibwa mbele ya macho yake. Inspekta Antoine, yaani Louis Jouvet, anawabana wote watatu mmoja baada ya mwingine. Maurice anawekwa korokoroni, na humo, mkesha wa Krismasi, anajikata mishipa. Anaokolewa. Mwishowe inabainika kwamba Brignon aliuawa kwa risasi, na aliyeifyatua ni Paulo, mwizi yule aliyeondoka na gari.

Filamu ilipokwisha, mlinzi wa Kilifi alisema wamedanganywa: muuaji katoka wapi? Mtu aliyetazamwa kwa dakika chache hawezi kubebeshwa maiti ya saa nzima na zaidi. Mwenyeji alisema muuaji si hoja, funzo li wazi, tamaa mbele mauti nyuma, Jenny amejitakia. Mkewe alisema kisa ni cha Dora, mwanamke anayempenda mume wa rafiki yake na kuficha. Mkongomani alikataa, akasema Dora hampendi Maurice hata kidogo. Dereva wa Nakuru alisema hao wote ni watu wa pembeni. Mtu wa maana ni dereva wa teksi aliyelazimishwa kutoa ushahidi. Mwanamke wa Jinja hakuwa na jawabu, alikuwa na swali. Inspekta ana mtoto mdogo mweusi anayemlea peke yake, aliyetoka naye makoloni. Mama wa mtoto huyo yuko wapi? Sauti zilipopanda, mwenyeji alifanya linalotarajiwa kwa mwenyeji. Alisema, "Jamani, kila mtu na maoni yake," chai ikaletwa, na mada ikawa bei ya tikiti za ndege.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwenyeji alikuwa na sababu. Watu wanaogawana bafu moja na jiko moja hawawezi kugombana kwa ajili ya Wafaransa waliokwisha kufa, na mapumziko ya siku moja kwa wiki ni mafupi. Amani ya nyumba ni kitu cha thamani. Lakini amani hiyo ilinunuliwa kwa bei ambayo hakuna aliyeihesabu, na bei hiyo huonekana tu maoni yale yakichukuliwa moja moja na kuulizwa swali rahisi: umeliona wapi?

Tuanze na lililo jepesi, yaani mapenzi ya Dora. Hapa palikuwa na kauli mbili zinazopingana, na haziwezi kuwa kweli zote mbili. Mke wa mwenyeji hakubuni kauli yake, kwani Jenny mwenyewe, katika filamu, ana shaka na ukaribu wa Dora na Maurice. Lakini shaka ya mhusika si ushahidi wa mtunzi. Dora anakwenda kwenye nyumba ya maiti kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Jenny. Anajitia hatarini kumfichia nani? Jenny. Na Inspekta, mtu ambaye kazi yake ni kusoma nyuso, anamwambia Dora karibu na mwisho kwamba wao wawili wamefanana: wote hawana bahati na wanawake. Filamu ya mwaka 1947 haikuweza kulisema jambo hilo kwa uwazi kuliko hapo, lakini imelisema. Mkongomani alikuwa sahihi, na mke wa mwenyeji alikosea kwa njia inayoeleweka. Kumwambia hivyo, kwa adabu na kwa kumrudisha kwenye picha husika, kungemfikisha mahali pazuri zaidi kuliko alipoachwa: angeona jinsi filamu ilivyomtega atazame kwa macho ya Jenny.

Lalamiko la mlinzi ni zito zaidi. Linasimama juu ya kanuni inayoheshimika katika hadithi za upelelezi: msomaji au mtazamaji apewe dalili sawa na mpelelezi, ili akishindwa ashindwe kwa haki. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua kanuni hiyo tangu Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, ambamo mauaji yanayohofiwa kuwa ni kazi ya mizimu yanaelezwa kwa akili na kwa ushahidi mpaka mkono wa binadamu ukaonekana. Kwa kipimo hicho, je, Clouzot amedanganya? Nusu. Dalili ipo: usiku wa mauaji, kwenye mlango wa mauaji, gari linaibwa, na kila mtazamaji analiona likiondoka. Anayelinda lango saa kumi na mbili kwa siku anajua kwamba mtu wa kuulizwa kwanza ni yule aliyekuwa nje. Lakini nusu ya pili ya lalamiko ina msingi. Filamu imetokana na riwaya ya Stanislas-André Steeman iitwayo Légitime défense. Clouzot alianza kuiandika kwa kumbukumbu kwa sababu kitabu hakikupatikana madukani, na muuaji wa filamu siye muuaji wa kitabu. Mlinzi wa Kilifi, bila kusoma lolote juu ya historia hiyo, alihisi mshono. Hisi kama hiyo ni ya mhakiki. Haikustahili kufunikwa kwa chai.

Nayo ingejibiwa vipi? Kwa kuuliza mshono huo unafanya kazi gani. Muuaji angekuwa mmoja wa wale watatu, mtazamaji angepata faraja ya kujua mwovu ni nani, na wawili waliobaki wangekuwa safi. Muuaji akiwa mwizi wa kupita njia, faraja hiyo haipo. Jenny amesema uongo, Maurice amekwenda na bastola akikusudia kuua, Dora ameharibu ushahidi. Na kila mmoja anabaki na alichokifanya, ingawa damu si yake. Wakati huohuo dola imekaribia kumuua mtu asiye na hatia ndani ya korokoro lake. Mlinzi anaweza kuendelea kusema kwamba hapendi mwisho huo. Lakini angelazimika kusema hapendi nini hasa, na hapo maoni yake yangekuwa hoja.

Maoni ya mwenyeji ndiyo yaliyodhurika zaidi kwa kutojibiwa, kwa kuwa yalikuwa mabovu zaidi. Filamu haikubaliani naye. Inamwonyesha Brignon akiwaleta mabinti studio kwa Dora wapigwe picha za aibu kwa ajili yake, na inaonyesha jinsi fedha zake zinavyowafunga watu midomo. Jenny ana tamaa, ndiyo, lakini tamaa yake ni ya kazi, na anayeiuza kazi hiyo kwa bei ya mwili ni mzee. Zaidi ya hayo, ukifuatilia kauli ya "amejitakia" ilikoanzia, utaikuta katika sauti ya mfasiri. Ni yeye, katikati ya picha, aliyeongeza kwa mtindo wa Lufufu kwamba mwanamke huyu anatafuta maneno. Hakuna mhusika aliyesema hivyo wakati ule. Nyongeza ya mfasiri iliingia sikioni mwa mwenyeji kama kauli ya filamu, ikatoka kinywani mwake kama funzo. Ufasiri wa papo kwa papo ni sanaa yenye fahari, lakini una hatari hii, na dawa yake ni moja tu: mtu wa kuuliza, hilo kasema nani? "Kila mtu na maoni yake" humzuia mtu huyo.

Tabia ya kukimbilia funzo haikuzaliwa Al Mansoura. Imefundishwa shuleni. Mwanafunzi wa sekondari wa Afrika Mashariki huifunua riwaya akiwa tayari ameshika orodha: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi, mafunzo. Hutafuta cha kujaza kila kijisanduku, na kazi ya sanaa isiyotoa funzo hulazimishwa ilitoe. Katika mtihani, "tamaa mbele mauti nyuma" hupata alama. Haulizwi nani hasa katika kisa amekufa, na nani alikuwa na tamaa ya nini. Akiulizwa, angegundua kwamba katika Quai des Orfèvres aliyekufa ni tajiri na mwenye tamaa ya kuwinda ni huyohuyo tajiri, kwa hiyo hata methali yenyewe, ikitumiwa kwa uangalifu, inamgeukia mwenyeji. Methali haina kosa. Kosa ni kuibandika kabla ya kutazama.

Dereva wa Nakuru alitazama. Katika filamu kuna dereva wa teksi aliyembeba Dora usiku ule. Polisi wanamtaka amtambue. Hataki; hana ugomvi na mwanamke huyo, na anajua kutambua kwake kutamwangamiza. Inspekta, ambaye mtazamaji amekwisha kumpenda kwa uchovu wake na ucheshi wake, anambana mpaka anasalimu amri, na dereva anamwomba Dora radhi kwa sababu wenye nguvu ni wao. Tukio ni fupi. Wahakiki wengi wakiizungumzia filamu hii humsifu Jouvet na kuipita picha hiyo. Mtu anayeishi kwa leseni inayoweza kusimamishwa na kwa kibali cha ukaazi kilichofungamana na kazi hakuipita. Alisema hapo ndipo Inspekta alipoonekana alivyo, na alisema kweli. Ukitoka hapo ukarudi nyuma, unaona kwamba njia iliyomvunja dereva ndiyo ileile inayomfikisha Maurice kwenye kujikata mishipa: shinikizo linaloendelea mpaka mtu aseme kinachotakiwa, liwe ni kweli au si kweli. Paulo, muuaji halisi, yuko nje muda huo wote.

Hapa patazuka pingamizi. Itasemwa kwamba dereva aliona hivyo kwa sababu ya maisha yake, kama mwenyeji alivyoona vingine kwa sababu ya maisha yake, kwa hiyo tumerudi palepale: kila mtu na maoni yake. La. Maisha ya mtu humwonyesha mahali pa kutazama, hayamthibitishii alichokiona. Uoni wa dereva hauna nguvu kwa sababu yeye ni dereva. Una nguvu kwa sababu picha ipo, yeyote anaweza kuirudisha nyuma akaitazama, na ikitazamwa inaangaza sehemu nyingine za filamu. Uoni wa mwenyeji ukipelekwa kwenye picha unakanushwa. Tofauti hiyo haitokani na shahada, rangi, jinsia wala umri. Hakimu ni filamu, na mlango wa mahakama hiyo uko wazi kwa kila mwenye macho. Ndiyo maana kanuni ya ushahidi ina usawa zaidi kuliko kauli ya maoni. Palipo na maoni matupu, anayeshinda ni mwenye sauti, mwenye nyumba au mwenye cheo. Palipo na ushahidi, dereva anaweza kumshinda profesa.

Upo pia uvivu wa aina ya pili, uliovaa suti. Ni ule wa watafiti wa mapokezi ya sanaa wanaokwenda kwa watazamaji wa kawaida na vinasa sauti, wakayakusanya maoni yao, wakayapanga kwa kabila, jinsia na kipato, kisha wakahitimisha kwamba jamii mbalimbali hupokea filamu kwa namna mbalimbali. Mtazamaji amenukuliwa, ameshukuriwa, na hajajibiwa. Hakuna aliyemwambia, "Hapo umekosea," wala, muhimu zaidi, "Hapo umeona nisichokiona." Mtafiti angefanya hivyo kwa mwenzake aliyeandika katika jarida. Kutomfanyia dereva ni kumweka nje ya mjadala huku ukijisifu kwa kumsikiliza. Kumpinga mtu kwa hoja ni kumkubali kuwa mwenzako katika hoja, na heshima haizidi hapo.

Wapo watakaosema haya yote ni makuu mno kwa filamu ya burudani. Historia ya Clouzot mwenyewe inawajibu. Mwaka 1943, Ufaransa ikiwa chini ya ukaliaji wa Wajerumani, alitengeneza Le Corbeau, kisa cha mji mdogo unaosambaratishwa na barua za siri zisizo na jina, akiwa chini ya kampuni ya Continental iliyomilikiwa na Wajerumani. Watazamaji waligawanyika. Kwa wengine ilikuwa filamu inayowachafua Wafaransa mbele ya adui yao. Kwa wengine ilikuwa filamu inayoufichua uovu wa kuchongeana wakati ambapo kuchongea kulikuwa na malipo. Baada ya ukombozi Clouzot alifungiwa kufanya kazi, awali kwa maisha, baadaye adhabu ikapunguzwa. Miongoni mwa waliomtetea walikuwamo Jean Cocteau na Jean-Paul Sartre. Quai des Orfèvres ndiyo filamu aliyorudi nayo, na mwaka huohuo wa 1947 ikampa tuzo ya uongozaji huko Venice. Waliomshitaki na waliomtetea hawakuambiana kwamba kila mtu na maoni yake. Walijua kwamba swali la filamu inasema nini lina jibu bora na jibu baya, na kwamba riziki ya mtu inaweza kuning'inia kwenye jibu hilo. Anayejua hayo hawezi kumtazama dereva wa teksi wa filamu hii bila kukumbuka kwamba aliyemtunga alikuwa ametoka kukaa mbele ya wenye nguvu waliomtaka ajieleze.

Linabaki swali la mwanamke wa Jinja, nalo ndilo lililopotea kabisa. Mlinzi alimwambia kwamba mtoto hahusiani na kisa. Mkongomani alisema mtoto amewekwa kuonyesha moyo mwema wa Inspekta. Yote mawili yanaweza kupimwa. La kwanza linaanguka mara moja: Inspekta amelitumikia jeshi la makoloni na, kwa maelezo yake, mtoto na malaria ndivyo alivyorudi navyo; anahangaikia masomo yake katikati ya upelelezi, na kazi inayomwandama Maurice ndiyo inayomnyima mtoto baba yake. Mtoto yumo katika moyo wa kisa. La pili ni kweli kwa nusu. Ni kweli kwamba mapenzi ya baba ni ya dhati, na kwa filamu ya Ulaya ya mwaka 1947, wakati himaya ya Ufaransa ingali imesimama, kumweka mtoto mweusi kuwa ndiye mtu pekee anayependwa bila hesabu ni jambo la kupewa uzito. Lakini moyo huo mwema una shimo. Mama hayumo. Filamu nzima ni upelelezi juu ya kifo cha tajiri mmoja. Inafuatilia kila kitu cha kila mshukiwa. Na katikati yake yumo mwanamke wa koloni aliyezaa mtoto na kutoweka, ambaye hakuna inspekta aliyefungua faili lake.

Hilo ni swali ambalo wahakiki wa Paris hawakuwa na haraka ya kuliuliza. Aliyeliuliza ni mwanamke aliyeacha mwanawe kwa bibi yake ili akahudumie meza katika nchi ya watu. Filamu haina jibu, na kutokuwa na jibu kwake ni sehemu ya ukweli wake kuhusu zama zake. Hata hivyo swali lenyewe ni uvumbuzi: linaibadilisha filamu kwa kila atakayeitazama baada ya kulisikia. Katika sebule ile liliishi kwa muda usiozidi dakika moja, kisha likaambiwa ni maoni kama maoni mengine, sawa na la mwenyeji, sawa na lolote. Huo ndio ubaya wa ndani kabisa wa kauli ya amani. Inajifanya kumlinda mnyonge dhidi ya kunyamazishwa, kumbe inalimwaga jambo bora alilolisema katika chungu kimoja na upuuzi.

Waswahili wana methali ya kufunika kombe ili mwanaharamu apite. Inafaa barabarani na kwenye mambo ya aibu ya jirani. Katika uhakiki haifai, kwa kuwa kilichofunikwa mara nyingi ni chakula. Lugha hii ina wasomaji waliolelewa na Bwana Msa, na Willy Gamba wa Elvis Musiba, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Wanajua tofauti ya mtuhumiwa na mkosaji, ya tetesi na ithibati. Wapewe kazi hiyo nje ya riwaya pia. Watu ambao mchana kutwa neno lao halina uzito mbele ya msimamizi, mwajiri na ofisa wa kaunta wana haki ya mahali pamoja ambapo neno lao litapimwa kwa uzito wake wenyewe: likikutwa pungufu lirudishwe, likikutwa zito lishike. Mezani pa wahakiki, kama sebuleni Al Mansoura, mtu akitoa maoni yake asiambiwe kwamba ni yake. Aulizwe ameliona wapi, na wenzake wasogee waone.